Mkoromo wa Yakup

Bwana Tayfun,
kijitabu chako nimekiona Jumanne
dirishani mwa duka karibu na stesheni ya Erzurum:
jalada la manjano, picha yako umekunja mikono,
lira mia na themanini.
Theluji ilikuwa magotini.
Nilisoma nimesimama, glovu moja mkononi,
nyingine nimeing'ata.

Ukurasa wa tisa:
Amka saa kumi alfajiri, jiko likiwa bado na makaa,
anza na somo unalolichukia.
Kweli kabisa. Ndivyo nilivyoandika
mwaka ule mtihani wa serikali uliponibwaga mara ya tatu,
nikaona haya kutoka hata kununua vitunguu.

Niliyatoa bure. Sikuweka bei,
sikuweka jina, ila herufi moja, N,
na hiyo pia umeifuta.

Hapa kwetu, kwa mwokaji,
mtu hulipia mikate miwili akabeba mmoja.
Wa pili huangikwa ukutani,
aje auchukue asiye na kitu,
asiulizwe jina, asiinamishe kichwa.
Mimi niliangika.
Wewe ukaja na kikapu, ukaangua yote,
ukafungua genge kwenye kona ileile.

Nilikuandikia barua. Ulijibu mstari mmoja:
"Elimu ni ya wote, dada yangu."
Sawa. Na zile lira mia na themanini,
nazo ni za wote?

Mama alinisikiliza, donge la sukari katikati ya meno,
akiipitisha chai juu yake polepole.
"Chai ikishanyweka," akasema,
"nani huuliza aliyeichemsha?"
Mimi nauliza, Mama.
Nauliza kwa sababu ya ukurasa wa ishirini na mbili:
Kaka yangu akianza kukoroma chumba cha pili,
nahesabu mikoromo thelathini, kisha nabadilisha somo.

Bwana Tayfun, huyo ni Yakup!
Huo ni mkoromo wa Yakup,
fundi mabomba, pua iliyovunjika akiwa na miaka kumi na mmoja.
Umeuza mpaka usingizi wa kaka yangu.
Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako;
ya kuiba je, iliyobaki na jasho la mwenyewe kwapani?

Pesa, basi, tuziache.
Kinachoniuma ni kule kushindwa.
Mara tatu nilianguka ili nijue sentensi moja,
nawe umeipata umekaa Bursa, miguu mikavu.

Jana, maktaba ya mtaa.
Msichana, mikono ya koti imemfupikia,
ameketi anatazama bomba la joto.
Anatazama tu. Dakika tano, ishirini, thelathini.
Mbele yake lile jalada la manjano.
Nikamuuliza, unaumwa?
"Hapana. Napumzika. Kitabu kinasema
soma dakika kumi, pumzika arobaini."

Ee Mungu wangu.
Hilo kosa ni langu.
Nilizigeuza tarakimu usiku mmoja wa usingizi,
nikazirekebisha majira ya kuchipua,
lakini wewe ulikuwa umeshavuna.

Wiki tatu anatazama bomba,
mtiifu kama mwanajeshi,
kwa kosa langu, kwa bei yako.

Nilikuwa nimetayarisha maneno, Bwana Tayfun.
Kwamba mimi ndiye N. Kwamba yule kaka ana jina.
Yote yalinifika kooni.
Nikachukua penseli yake.
Nikafuta kumi, nikaandika arobaini.
Nikafuta arobaini, nikaandika kumi.

Alikivuta kitabu chake kwa hasira.
"Nimekinunua! Wewe ni nani
wa kukichorachora?"

"Mtu aliyefeli mara tatu," nikasema.

Akanitazama kwa muda.
Kisha akaondoa begi lake
kwenye kiti cha pili.